Saa ya Kugeuka ya Fundi Mohsin

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa jumuiya yetu, viongozi wetu wa dini, wazee wetu, ndugu wageni waalikwa mliofika mapema, na ninyi mnaotafuta viti sasa hivi: hamjambo?

Mimi ni Tasleem, mke wa fundi Mohsin, anayestaafu leo na kufunga duka lake la kutengeneza saa hapa Flemingdon Park. Nimeombwa nimsifu. Nitajaribu, ingawa amenichosha.

Nyoosha mkono, mume wangu, baba Zain, waione saa yako. Wengi mnadhani ni bangili, maana haina uso. Uso upo, ameuficha! Saa hii ilibuniwa Ulaya, miaka ya thelathini ya karne iliyopita, kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliocheza polo, mchezo wa mpira juu ya farasi, kule India na kuvunja vioo vya saa zao. Mafundi wakaunda kasha la mstatili, lenye mistari mitatu juu na mitatu chini, linaloteleza na kupinduka ndani ya fremu yake, ili kioo kilale chini na chuma kipokee kipigo. Matajiri waliipenda, na wabunifu wanaiiga hadi leo. Marehemu baba yangu, sonara wa Mwanza, alimvisha Mohsin saa hii siku ya harusi yetu, jina langu likiwa limechorwa mgongoni mwa saa.

Na mume wangu, ambaye hajapanda hata punda, akaigeuza uso chini dukani. Eti mwenyeji hatazami saa mbele ya mgeni, ni kumfukuza. Haya, ni desturi yetu, siipingi. Lakini kila mteja akawa mgeni! Mama Généreuse analeta saa ya ukutani itiwe betri, anapewa kiti, chai na mandazi yangu, anasimulia habari za Bukavu mpaka za Pickering, na fundi saa mzima hajui ni saa ngapi. Wali wangu unapoa. Nikipiga simu ananong'ona, "Nina mgeni."

Kisha anaingia nyumbani. Kabla hata ya kuvua viatu, anaigeuza saa, uso juu. "Tasleem, saa nne hii, kesho kazi." Analala. Kwenye basi la Don Mills watu huniuliza, "Ndiwe Tasleem wa kwenye saa?" Jina langu mmelisoma ninyi, mimi nimeonyeshwa mishale ya saa tu. Hiyo ni haki, ndugu zangu?

Na bado! Juzi amemwahidi Mchungaji Nathanaël kuweka meza ya kutengeneza saa kanisani, "mara moja moja tu." Mchungaji, nakuheshimu sana, lakini meza hiyo mtafutie mtu mwingine.

Baba Zain, hakuna aliyetoka dukani kwako akijiona msumbufu. Nakupenda, nalisema mbele ya watu, na ninawaonea wivu wateja wako. Leo tukifika nyumbani usiigeuze saa. Mgeni ni mimi.

Nawashukuruni nyote kwa masikio yenu. Baba Zain, nakuona: toa vidole kwenye hiyo saa.