Saruji Haikushika

Zimeni hiyo redio kwanza. Tangu asubuhi namsikia huyo mtaalamu akiwaambia watu kwamba kupasua mwamba ili gesi itoke ni salama kama kuchemsha chai, na mwenzake anamjibu kwamba ardhi yote itadidimia, na wanabishana kama watu wanaogombea kiti kwenye harusi ya mtu mwingine. Zimeni. Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu sasa haivuki hata upana wa chumba hiki. Wewe binti yangu chukua kalamu, mwandiko wako wa kialimu unasomeka. Kitinda mimba, acha kulia, kuna siku za kulia zinakuja. Na wewe mkubwa, kifungua mimba wangu, msemaji wa kampuni ya gesi, weka hiyo simu mfukoni na unitazame usoni, kwa sababu mengi ya leo ni yako.

Mali zisitupotezee pumzi. Nyumba hii ni ya dada yenu, ndiye aliyemuuguza mama yenu na sasa ananiuguza mimi, na atakayesema mtoto wa kike harithi nyumba mwambieni anifuate huko niendako tukabishane. Shamba la bondeni ni la kitinda mimba, alilime, asilikodishe kwa mtu yeyote mwenye mtambo. Vyombo vyangu vya kazi gawaneni wawili, mkubwa hana haja navyo, mikono yake siku hizi laini kama ya bwana harusi.

Sasa sikilizeni. Miaka kumi na tisa nilifanya kazi kwenye visima vya gesi, nikiwa msimamizi wa zamu ya saruji, na vumbi la kazi hiyo ndilo linalonikaba kifuani. Kazi yenyewe hivi: kisima kikishachimbwa, bomba la chuma linateremshwa, halafu sisi tunasukuma saruji ishuke ndani ya bomba, izunguke chini, ipande kwa nje kati ya chuma na ardhi, mpaka tuione kwa macho inatokea juu. Wanaobishana redioni wanabishana juu ya mwamba, na mwamba uko kilomita mbili chini. Maji yetu ya kunywa yako mita ishirini tu. Bomba linapita katikati ya maji hayo, na kinachozuia gesi isipenye humo ni ukuta wa saruji ambao unene wake ni vidole vyangu hivi viwili. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za vidole viwili.

Kisima cha nne, kile nyuma ya mashine ya kusaga, saruji tuliisukuma yote na haikutokea juu. Ilimezwa na nyufa za ardhini. Nikamwambia mhandisi, "Bosi, haijapanda. Tusimame tuongeze nyingine." Akatazama saa yake, maana mitambo ya kupasulia mwamba ilikuwa njiani inakuja. Tukapima shinikizo, mshale wa kipimo unatakiwa utulie nusu saa bila kutikisika kama hakuna panapovuja, huu ukaanza kuteremka mbele yetu kama kichwa cha mtu anayesinzia. Mhandisi akanipa karatasi. "Mzee, wewe tia sahihi kwamba imepita. Tutaziba baadaye." Nikatia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa hatukuziba, na ukuta uliojengwa ni wa nyumba ya ghorofa ya mhandisi. Ndiye huyo mliyekuwa mnamsikiliza redioni. Mtaalamu!

Haikupita miezi mitano, kisima cha maji cha fundi cherehani, yule mama jirani yetu wa kona, kikaanza kuchemka bila moto. Mapovu yanapanda, na ukiwasha kiberiti juu ya ndoo, maji yanashika moto. Ukaitishwa mkutano wa hadhara katika ukumbi wa shule. Mhandisi akaleta picha zake ukutani, akasema gesi hiyo imo ardhini tangu enzi za mababu. Fundi cherehani akasimama, akasema, "Babu yangu alikichimba kisima kile kwa mikono yake, akakaa kando yake akivuta kiko miaka arobaini. Kama gesi ilikuwemo, mbona hakulipuka?" Ukumbi ukacheka, na kicheko kilikuwa upande wake. Hapo mwenyekiti akaniita mimi. "Wewe ni mtu wa hapa, na kazi ni yako. Tuambie, saruji ilishika?" Mama yenu alikuwa safu ya tatu, ananitazama. Nilimwambia yote siku ile ile niliyotia sahihi, kwa hiyo alijua.

Nikasema, "Ilishika."

Neno moja, wanangu. Ukumbi ukamgeukia yule mwanamke. Wakamwita mzushi, mtafuta fidia, wakampa jina la Mama Kiberiti, na wateja wake wakahama kama inzi waliofukuzwa. Kwa neno langu hilo akaandikiwa barua kwamba maji yake ni salama. Siku ya kumi na mbili baada ya barua hiyo aliingia katika kibanda cha pampu mchana kweupe, akabonyeza swichi, kibanda kikalipuka. Mkono wa kulia, mkono anaoshikia mkasi, uliungua mpaka vidole vikagandana. Wachunguzi wakaja na makoti meupe, wakaandika kwamba alikuwa mzembe. Mzembe! Mzembe ni mimi, na mhandisi si mzembe, ni mwizi wa uhai wa watu, na mliandike hivyo hivyo nilivyolitamka.

Mama yenu hakunitukana hata siku moja. Aliweka glasi ya maji ya kisima chetu mezani kila chakula na kuniambia, "Kunywa, mume wangu, saruji ilishika." Miaka sita, mpaka akafa. Mlidhani ni utani wa watu wazima.

Nilipokuwa bado natembea nilimfuata fundi cherehani kwa binti yake anakoishi sasa, nikaomba radhi. Hakunikaribisha kiti. Akasema, "Jina langu ulilivunja mbele ya watu mia tatu, leo unanirudishia hapa sebuleni, sisi wawili na paka? Radhi yako ipeleke kule kule uliponimalizia." Nilikasirika njia nzima ya kurudi, na nilipofika nyumbani nikajua ana haki.

Sasa Alhamisi kuna mkutano mwingine katika ukumbi ule ule. Kampuni inataka visima kumi na kimoja zaidi, na atakayesimama kuitetea ni wewe, mwanangu. Utasimama. Lakini utasoma anayoandika dada yako, kwa jina langu na kazi yangu, na fundi cherehani awepo, mumfuate na gari. Sisemi gesi ni haramu, imetupikia na imewasomesha nyinyi. Nasema kila kipimo kisomwe mbele ya watu, na asomaye asiwe mtu wao. Unanong'ona nini? Watanishtaki? Wamshtaki nani, maiti? Waje na pingu makaburini. Na usiniulize watoto wako watakula nini, maana swali hilo ndilo nililojiuliza mimi nikiwa na kalamu mkononi, na nyinyi watatu mlikula, mkashiba, na mwenzetu akala kwa mkono wa kushoto. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kimeshaniumbua, usingoje chako.

Nipandishieni mto... hapo. Msiruhusu kampuni kuleta turubai wala shada wala hotuba kwenye mazishi. Mhandisi asitupe hata konzi moja ya udongo juu yangu. Mnizike asubuhi, mapema, watu wawahi kazini.

Pumzi inakatika. Binti yangu, Mungu akupe... akupe uzee wenye watu. Kitinda mimba, shamba likuzalie, na mdomo wako usiuogope uso wa mtu. Pendaneni. Msigawanyike kwa ajili yangu, sistahili ugomvi wenu.

Mkubwa, njoo. Nipe sikio... hapana, nipe mdomo wako. Nakubariki, lakini nataka nikusikie kwanza. Sema haikushika.

Sijasikia.

Ukumbi ule ni mkubwa, mwanangu, una mwangwi mbaya. Sema tena.

Eeh. Hivyo hivyo. Na usiiname unaposema.