Jina la Kumi na Tano

Mgeni rasmi, Bwana Kathiravan mwana wa Angammal, uliye Mkuu wa Elimu wa Wilaya, Mwalimu Ilango, wanafunzi, na wewe uliyekaa kiti cha nyuma karibu na dirisha:

Karibu

Sisi wanawake tuliogema mpira katika shamba la Sungai Merbau tunakukaribisha, mgeni rasmi, kwenye darasa hili la Kitamil. Risala tunaisoma kwa Kitamil kwa kuwa ndicho tulicho nacho. Binti Nila wa kidato cha nne yuko kando yako anakutafsiria. Akicheka, usidhani anakucheka wewe. Anaweza kuwa anakucheka wewe, lakini usidhani.

Tulikotoka

Marehemu mama yako alianza kugema akiwa na miaka tisa. Shule aliipita nje tu, ndoo mkononi, akisimama kidogo dirishani kusikiliza wenzake wakiimba herufi, hadi msimamizi amfokee. Wewe alikusomesha. Ulipoingia sekondari ukaacha Kitamil, ukamwambia hakina faida. Alituambia, "Mwanangu ana akili, anajua anachofanya." Kisha akagema mstari mzima wa miti bila kusema neno, na mama yako kunyamaza haikuwa kawaida yake.

Mafanikio

Mafanikio yetu ni jambo moja, nawe ulikuwepo.

Siku ya kumi na sita ya msiba wake tulipika wali, mchuzi wa bilingani na dagaa wakavu, vitu alivyovipenda. Tukaviweka kwenye jani la mgomba uani, ili uwaite kunguru, yaani wazee wetu waliotangulia, waje wale. Kunguru saba walikuwa juu ya bati. Ukaita kwa Kimalei, lugha ya ofisi zenu. Hakuna aliyeshuka. Ukaita tena, sauti ya ofisini kabisa. Wale ndege hawakulia wala hawakuruka. Walikutazama tu, shingo wameinamisha upande mmoja wote saba, kama watu wanaojaribu kukumbuka sura. Wali ukapoa. Inzi wenyewe hawakuugusa.

Mwenzetu Bibi Sornam akakuuliza, "Wewe Kathir, unamwita mama yako au unaitisha kikao?"

Ukasema, "Shangazi, nimesahau. Naitaje?"

Ndipo Nila akasogea, akaita kwa Kitamil. "Bibi, njoo ule, bwana. Dagaa ni wale wale. Usituringie, tumesimama juani."

Akashuka mmoja. Hakwenda kwenye wali kwanza. Alizunguka miguu yako mara tatu, taratibu, ndipo akala. Nawe ulijifuta macho, mgeni rasmi, tulikuona, tukajifanya tunafukuza inzi.

Changamoto

Kanuni yenu inataka wanafunzi kumi na tano, na darasa hili lina kumi na wanne. Wazazi wanasema Kitamil kinamlia mtoto muda wa hesabu. Hatubishi. Hatujamwona aliyepata kazi ya benki kwa kuwaita kunguru. Ila sisi tumebaki kumi na wawili, wengine wetu tunatembelea fimbo, na kila mmoja ana siku yake ya kumi na sita inayomngoja. Siku hiyo tukiketi juu ya bati na njaa zetu, nani atatuita?

Kwa hiyo tulifanya kosa, na tunalikiri. Kwenye fomu tuliandika jina la kumi na tano: Angammal. Tulidhani ofisini hamsomi majina, mnahesabu mistari tu.

Tangu hapo Mwalimu Ilango akiita majina, likifika la mwisho kiti cha nyuma hulia kama kimekaliwa. Mwalimu alikibadilisha. Kipya nacho kinalia. Alikuja kwetu uso umempauka.

"Bibi Sornam, mmenifanyia nini?"

"Tumekuongezea mwanafunzi, Mwalimu. Anapiga kelele?"

"Hapana."

"Basi mfundishe!"

Daftari likaachwa pale. Kila Ijumaa ukurasa mmoja huwa umejaa herufi za mwandiko wa kutetemeka, za mtu anayeanza, nao unanuka utomvu wa mpira. Wino haupo wa rangi ile hapa shuleni. Mwezi wa kwanza alikosea sana. Sasa anaandika vizuri kuliko wengine, na Mwalimu humsahihishia kama wenzake. Ijumaa iliyopita aliandika neno moja tu, ukurasa mzima, juu hadi chini: Kathir.

Maombi

La kwanza: usilifunge darasa. Kama kanuni lazima ikae, hesabu leo kwa macho yako, na ukipata kumi na tano usiulize sana.

La pili: Nila akimaliza shule, wawepo wadogo wa kumrithi. Binti mmoja hawezi kutuita wote. Atapwelewa na sauti.

La tatu tumemkataza Nila asikutafsirie. Ndiyo maana amenyamaza, na wewe unamtazama. Usimtazame yeye. Sikiliza, ulikijua hiki kabla hujajua kutembea.

Kathir, mwanetu. Kiti kilicho nyuma yako kimelia sasa hivi. Usigeuke bado. Mwite kwanza, kama ulivyokuwa ukimwita ukiwa mdogo, ukitoka shule na njaa. Amekungoja.

Mungu akupe umri mrefu, akupe na watu wa kukuita ukishaondoka.

Ni sisi, Wagema Wastaafu wa Sungai Merbau, kumi na wawili tulio hai, na mwenzetu.