Ekari ya Bondeni

Njooni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Nassibu, weka hiyo simu mfukoni, mwambie huyo dalali wako kwamba mama bado anahema. Mwamvita, nisogezee mto mgongoni, hapo, ahsante mwanangu. Na wewe Margareta toka huko jikoni, wali utaiva wenyewe, maana ninayotaka kuyasema yanakuhusu wewe mkwe wangu kuliko wote humu ndani. Hilal nimemwita kutoka dukani kwake, na Maalim nimemwita kutoka chuoni, wawe mashahidi, kwa kuwa mie sijui kuandika na maneno yangu hayana pa kukaa isipokuwa masikioni mwao.

Shamba hili ni ekari tatu. Baba yenu alilifyeka kwa panga lake, enzi hizo Kimbiji ukisema unakwenda mjini watu wanakuaga kama unahama. Kabla hajafa alinipa liwe langu. Bado namsikia. Akifika mpakani anapiga mluzi, kisha anaita, "Mama Nassibu, uji uko wapi, au nile udongo?" Nami namjibu, "Kula, si ndio uliouposa!" Basi tunacheka mpaka majirani wanakohoa kutuonya kwamba tuna watoto.

Lakini kicheko chetu hakikushibisha mtu. Mnakumbuka masika yalivyokuwa? Mvua ya kwanza ikidondoka, udongo ukinukia ule unukiaji wake, mie na jembe langu nakwenda kulima ngwe kwenye shamba la nanasi la mtu wa mjini, ili jioni nirudi na unga. Letu linangoja, na magugu hayangoji. Nikija kupanda, mvua imeshachoka, navuna mahindi kama meno ya mtoto. Muhogo namuuzia Hilal ungali ardhini, naye, Mungu amlipe, alikuwa akiniambia, "Bi Mwanakombo, muhogo huu bado mchanga, utalia baadaye." Namjibu, "Wee nipe unga, kulia nitalia mwenyewe." Hata hivyo sikatai, zile ngwe nazikumbuka kwa mapenzi. Wanawake ishirini tumeinama mstari mmoja, mmoja anaanza wimbo, wengine wanaupokea, na mwenye kuchelewa anazomewa mpaka anacheka. Wenzangu wale karibu wote wamekwisha. Nikifumba macho nasikia majembe yao.

Kondo, ndugu yenu, akafa na pikipiki yake, akaniachia mjane na wasichana wawili. Mjane mwenyewe wa Matombo huko, mtu wa milimani, Mkristo, ambaye sikuwa nimempenda tangu alipoingia mlango huu na sanduku lake la bati. Nilimwita mtu wa kuja. Mbele yako, Margareta, usiangalie chini, nilikuita hivyo.

Ndipo ukaja mkutano wa mtaa, yakasomwa majina ya kaya maskini za kupewa ruzuku, na langu likasomwa. Nassibu ulikuja kutoka Mbagala umefura, ukasema, "Mama, unatutangaza sie ombaomba?" Nikakwambia acha nitangaze tu, wewe hujachemsha mizizi ya mwitu ukawadanganya watoto kwamba ni viazi. Siku ya kuandikishwa wakataka alama za vidole vyangu. Nikaweka dole gumba, mashine ikakataa. Nikaweka la pili, ikakataa. Kijana wa watu akanishika mkono, akaugeuza, akasema, "Bibi, vidole vyako vimefutika." Jembe lilikuwa limevila. Basi hela ikawekwa ije kwenye laini ya simu ya Margareta, na mie nikarudi nyumbani nimenuna, kana kwamba nimenyang'anywa.

Ilipoingia mara ya kwanza, mie nilishapiga hesabu ya kanga na kitanda. Margareta akaniambia, "Mama, tununue unga wa kututosha mpaka mahindi yachanue. Masika haya tusiende kwa mtu, tulime kwetu." Hilo tu. Nilimwona mjinga. Lakini mvua ya kwanza ikanyesha tukiwa kwenye udongo wetu wenyewe, mie, yeye na wale wasichana, mbegu ikaingia ardhini ingali na moto, na mwaka ule nilivuna mpaka nikakosa pa kuweka. Muhogo nikauchimba umekomaa. Vifaranga vikawa kuku, kuku wakawa mbuzi. Wajukuu wakaenda shule na viatu, na darasani wakawa hawasinzii kwa njaa. Kuna walionikata jicho, wakinipita wanasema, "Tajiri wa ruzuku huyo!" Nawajibu, "Karibuni kwa ugali wa ruzuku!" Wakija wanakula, wanarudi tena.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kunikaba.

Masika mamoja hela haikuja. Siku ikapita, wiki ikapita. Sikuuliza, sikungoja. Nikajifunga kanga kiunoni, nikaenda dukani kwa Hilal, watu wamejaa, nikasema kwa kinywa hiki, "Mkwe wangu amekula hela ya mayatima!" Kumbe Margareta alikuwa nyuma yangu na chupa ya mafuta. Hakunitukana. Alisema, "Mama, hapa mbele za watu?" Kesho yake akachukua watoto, akaondoka.

Wiki ya tatu Hilal akaja hapa mlangoni, noti mkononi. Akasema, "Hela ilichelewa kwa watu wote, Bi Mwanakombo. Leo imeingia. Mkweo ametuma yote kwenye simu yangu kutoka Kunduchi, na ada ya kutolea ameongeza yake." Na ya kutolea! Nilikaa kizingitini.

Nikavuka pantoni na uzee wangu, nikauliza njia mpaka Kunduchi, nikamkuta pale pwani kwenye soko la samaki, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa anaparua samaki wa watu, magamba yamemjaa mpaka kwenye nyusi. Aliponiona akasimama, akasema, "Shikamoo, mama." Mie niliyemwita mwizi ananiamkia. Nikamwambia, rudi, nimekukosea, nilikuchafua mbele za watu na mbele za watu nitakusafisha. Akarudi. Na mie, wanangu, sikumsafisha. Kila siku nasema kesho. Naona haya ya kusimama pale dukani. Miaka minne imepita, na mpaka leo kuna wanaomwangalia mikono akipita.

Basi kaeni mkijua. Kondo alinitangulia, na Maalim amenieleza, mwana akifa kabla ya mama yake, watoto wake hawana fungu baba yao mkubwa akiwepo, na mkwe ndiyo hana kabisa. Nikifa kimya, Margareta na wasichana wake ni wageni kwenye shamba walilolilima. Lakini dini hiyohiyo imeniachia theluthi niitoe nitakako. Ekari ya bondeni, yenye kisima, naitoa kwa Margareta na mabinti wa Kondo. Mbili zilizobaki ni zenu, Nassibu na Mwamvita, mtagawana kama Maalim atakavyowaelekeza. Uza lako ukitaka, Nassibu, siwezi kukufunga mikono. Ya bondeni dalali asikanyage.

Usilie, Margareta, utanipa kazi ya kukubembeleza na pumzi sina.

Nipe maji, Mwamvita. Kidogo... basi.

Hilal, baba, wewe ulikuwepo nikimchafua. Siku ya maziko watu watakapoulizwa pale kaburini nani anamdai marehemu, wewe unyooshe mkono. Usiseme unga wala sukari, hivyo nimekulipa. Sema kwa sauti, watu wa dukani wote wasikie, kwamba Mwanakombo alimsingizia mkwewe, na mkwewe alikuwa mkweli. Nisizikwe kabla hujasema. Na matangani, Margareta akae ndani na wafiwa, kwenye mkeka wa wenyewe, mtu asimpeleke nje na wageni. Dua zenu mtaomba nyie, yeye ataniombea kwa zake.

Nassibu. Sogea. Ruhusa yako siihitaji, Maalim ameshasema. Nataka ulimi wako. Niambie, mashahidi hawa wanasikia, kwamba hutamtoa.

Nangoja.

Nyanyua uso... Umesema? Sema tena, masikio yangu yako mbali.

Haya. Haya, mwanangu. Nimesikia.

Radhi zangu mnazo nyote... wa tumbo langu na wa mlango wangu... Mungu awape mvua kwa wakati wake, na mikono ya kuipokea. Mjuane. Mwite Margareta dada, Nassibu... mwite sasa hivi, nisikie.