Mguu wa Anko Toshi

Hapa Lihue, mji wetu mdogo wa kisiwani, mvua haiombi ruhusa. Inanyesha, inapumzika kama mtu aliyekwenda kujisaidia, inarudi. Ndiyo maana benchi letu liko chini ya bati la duka la Anti Pua, muuza wali wa kufinyanga na nyama ya kopo. Kahawa anatuwekea kwenye chupa moja kubwa ya chai: mnamimina, mnabishana, ikiisha mnasambaa, habandiki nyingine. Kuku wa mtaani wanapita katikati ya miguu kama wao ndio wenye benchi. Asubuhi hiyo nilifika mbio maana nilikuwa na soo. Jioni ilikuwa ngoma ya Bon kwenye hekalu la Wabudha, ile ya kuwakaribisha marehemu wetu, na ilikuwa ya kwanza tangu Anko Toshi wa kipindi cha watoto kwenye tivii atutoke. Mpiga ngoma ni mimi, niko juu ya jukwaa, mji mzima umenizunguka, na wimbo ukianza mimi ndiye wa kupaza sauti mguu upi utangulie. Benchini wananiita Kiroboto.

MIMI: Wazee, niokoeni. Hekaluni wamemleta mwalimu wa kucheza kutoka Honolulu. Kasema ule wimbo wa mwavuli tunaucheza kinyume. Eti unaanza mguu wa kulia.

TINGATINGA: Kulia? Kulia nini!

Huyu ni Anko Tingatinga. Aliendesha tingatinga kwenye miwa mpaka kiwanda kikafungwa, na hadi leo anaongea kama anashindana na injini.

TINGATINGA: Saa kumi na moja jioni, kila siku, Anko Toshi na jogoo wake wa soksi mkononi: "Kushoto, watoto, kushoto, fungua mwavuli!" Mimi nimeota mvi na kushoto, dogo. Unaniletea kulia leo?

Wimbo wenyewe ni wa Kijapani, santuri ya enzi bibi yangu bado binti. Dada anabembeleza, tarumbeta inalia nyuma. Ukiondoa neno la mwavuli, hakuna anayeelewa anachoimba. Lakini hakuna mtoto wa mji huu asiyeucheza.

PROFESA: Huyo mwalimu mwambieni, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

MIMI: Mguu upi sasa, Profesa?

PROFESA: Hapo wahenga hawakusema.

Profesa alikuwa karani wa posta. Uprofesa alijipa mwenyewe siku aliyostaafu.

PROFESA: Sikilizeni sayansi. Anko Toshi mguu wa kulia ulikuwa mbovu. Alianguka kutoka mnazini akiwa mdogo, mama yake alishamkataza kupanda. Ndiyo maana wakasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

TINGATINGA: Acha kamba! Si alikuwa anakimbiza kuku mle studio tunamwona? Mguu mbovu unakimbiza kuku?

PROFESA: Kuku wenyewe walikuwa wazee.

TINGATINGA: Nyamaza nikwambie. Kamera ilikuwa mtumba. Ilifungwa kichwa chini miguu juu. Ukiona kushoto, ujue ni kulia.

MIMI: Na sauti nayo kamera iliigeuza? Si alikuwa anatamka kwa mdomo wake?

Tingatinga akajimiminia kahawa taratibu.

TINGATINGA: Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

MIMI: Hiyo imeingiaje hapo?

TINGATINGA: Mpiga kamera alikuwa ameinama.

PROFESA: Mnazunguka tu. Ni yule dada wa kwenye santuri. Anko Toshi alimpenda. Na pale studio, upande wake wa kushoto ndiko iliko Japani. Kila jioni alikuwa anamsogelea hatua moja.

TINGATINGA: Miaka yote ile? Si angekuwa keshafika, kaoa, karudi na wajukuu!

ANTI PUA (kutoka ndani): Nyie wanaume mnamzika mara ya pili!

MIMI: Jamani, jioni ndiyo hii. Nikisema kulia, watu watapandana, watacheka, na Bibi Hatsue atakuwa kakaa mstari wa mbele anaangalia tunavyomsahau mumewe. Nikisema kushoto, hekaluni wananinyang'anya fimbo za ngoma. Niseme nini?

Mara tukamwona Bibi Hatsue mwenyewe anavuka barabara na mwavuli wake, kaja kununua wali. Tukasimama wote. Hata Tingatinga.

MIMI: Shikamoo, Bibi.

BIBI HATSUE: Marahaba. Mbona mmepoa? Kelele zenu nimezisikia tangu kona ile.

Profesa akakohoa. Mimi nikamwambia yote, ya mwalimu, ya mguu, sikumficha. Bibi akakunja mwavuli, akacheka mpaka akashika nguzo.

BIBI HATSUE: Yule? Yule alikuwa hajui kucheza kabisa! Mimi ndiye nilikuwa nasimama nyuma ya kamera, nimemwelekea, namwonyesha. Nikitoa wa kulia, yeye ananifuata kama kioo, anatoa wa kushoto. Akadhani ndivyo, akawatangazia.

TINGATINGA: Miaka yote hiyo, Bibi, hukumsahihisha?

BIBI HATSUE: Angejua mwenyewe, angeniangalia tena?

Kuku mmoja akapita, hakuna aliyemfukuza.

MIMI: Kwa hiyo sahihi ni wa kulia.

BIBI HATSUE: Wangu wa kulia. Wenu wa kushoto. Hiyo si shida, mwanangu. Shida yangu nyingine. Wimbo ule sijawahi kuucheza bila yeye kusimama mbele yangu. Leo nani atasimama?

Profesa akatazama juu kwenye bati kama anayetafuta methali. Nikainamisha chupa nipate kisingizio cha kuangalia chini, likatoka tone moja. Kahawa imeisha. Kwa sheria ya benchi tulitakiwa tusambae.

Hakuna aliyesambaa. Tingatinga akafuta viganja kwenye suruali, akatoka kwenye bati, akasimama mvuani amemwelekea Bibi. Mtu mzima, hajui mikono aiweke wapi. Profesa akaenda akasimama pembeni yake. Anti Pua naye akatoka na aproni yake.

Bibi Hatsue akatuangalia. Akauweka mwavuli chini. Akainua mguu wa kulia kidogo tu, kama anapima maji.

"Kushoto," nikasema. Polepole, kama najaribu sauti.