Fungu la Nyanda

LUKRESIA: Haloo? Nani mwenzangu?

BUJIKU: Bujiku hapa, wa gitaa. Mwadila, shemeji.

LUKRESIA: Mwadila. Mbona namba ngeni?

BUJIKU: Ya kinyozi. Yangu naona umeifungia.

LUKRESIA: Si mimi. Simu anakaa nayo Nyanda, mdogo wake marehemu Danford. Leo kaisahau kwenye chaja, yuko mnadani.

BUJIKU: Ahaa. Poleni tena na msiba.

LUKRESIA: Tumeshapoa.

BUJIKU: Sasa, Jumamosi bendi inapiga hapa Bariadi. Watu wanauliza, yule mama anayeimba yuko wapi—

LUKRESIA: Waambie yuko Nkoma, anachambua pamba.

BUJIKU: (anacheka kidogo) Nikuombee ruhusa kwa wazee?

LUKRESIA: Sikiliza, sina muda. Jumapili wanaondoa matanga, wanagawa vitu vya mume wangu. Saksafoni wameshampangia Nyanda.

BUJIKU: Nyanda? Hajui hata inapulizwa upande gani.

LUKRESIA: Anasema ataitia ng'ombe nayo.

BUJIKU: Na wewe je?

LUKRESIA: Niko fungu hilo hilo.

BUJIKU: Haloo? Unakatika.

LUKRESIA: Nimesema, na mimi wamempa Nyanda.

BUJIKU: Kesho nakuja na pikipiki. Wakienda shamba unatoka.

LUKRESIA: Na Sia?

BUJIKU: Mtoto tunampakata.

LUKRESIA: Ng'ombe wa mahari walishapelekwa kwetu, Bujiku. Mtoto ni wa mji huu. Nikimbeba watamfuata mpaka kwa baba, na baba atamrudisha. Hana ng'ombe wa kuwarudishia.

BUJIKU: Siku hizi kuna sheria. Nenda ustawi wa jamii—

LUKRESIA: Nitafikaje? Mama mkwe ananisindikiza mpaka chooni.

BUJIKU: Dah.

LUKRESIA: Saksafoni nimeshaitoa. Iko kwa rafiki yangu Benedikta, kwenye mashine ya kusaga, ndani ya gunia la pumba. Ichukue kabla hawajaitafuta.

BUJIKU: Naichukua pamoja na wewe. Saa nne niko hapo mashineni, wewe unakuja kama unasaga—

LUKRESIA: Subiri. (mlango unalia) Enhee, dada. Huku wote wazima. Shemeji ndo anaingia, katoka mnadani.

BUJIKU: Yuko hapo?

LUKRESIA: Ndiyo, dada.

BUJIKU: Basi jibu tu. Kesho utakuja?

LUKRESIA: (mtandao unakwaruza)

BUJIKU: Lukresia?

LUKRESIA: Hapana, dada. Mtoto hawezi safari.

BUJIKU: Akikua kidogo?

LUKRESIA: Akikua tutaona.

BUJIKU: Na nyimbo zako? Nani ataziimba?

LUKRESIA: Mpeni Stephania. Anazijua, ila anakimbiza. Mwambieni asikimbize.

BUJIKU: Shemeji—

LUKRESIA: Shemeji anakusalimia, dada. Anasema salio lako litaisha.

BUJIKU: Mwambie bado lipo. Lipo la kutosha.

LUKRESIA: Haya. Basi kata wewe.