Kidonda Kilichopona Sista Lukresia Akiwa Msibani

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Sista Lukresia Tluway atafunga kwa mara ya mwisho mlango wa chumba cha vidonda cha hospitali yetu hapa Karatu. Ametumikia miaka thelathini na sita na miezi minne, na kwa kumbukumbu zetu amechelewa kazini mara mbili tu, zote kwa sababu ya tope la masika.

Aliajiriwa Machi 1989 akitokea chuo cha uuguzi; jina la Sista ni la uuguzi, si la utawa. Sifa yake ya ujanani ilikuwa usafi wa kupitiliza. Sakafu aliyopiga deki yeye, tulitania, ilifaa kuanikia mahindi bila turubai. Vidonda navyo alivisugua vivyo hivyo, asubuhi na jioni, kwa dawa ya povu. Kidonda kisichotoa povu alikihesabu bado hakijaoshwa.

Jambo lake jingine ni plastiki. Kila Ijumaa huweka kipande cha plastiki angavu juu ya kidonda, akafuata ukingo wake kwa kalamu ya makapeni, kisha akaandika jina na tarehe. Mgonjwa akizipanga plastiki zake anaona kidonda kinavyopungua, anapata moyo. Ya mwisho huwa na jina na tarehe tu, haina mstari.

Mwaka 2004 aliletwa Ngoyai, mfugaji wa Enguserosambu, mwenye kidonda cha ukubwa wa kiganja chini ya goti. Kilianza na mwiba. Wiki saba mfululizo plastiki zake zilitoka saizi ileile, na daktari akapanga siku ya kuukata mguu. Kwa mtu anayeishi kwa kutembea nyuma ya ng'ombe, habari hiyo ilikuwa nzito mno. Ngoyai aliwaambia ndugu zake waanze kufikiria nani atachunga.

Wiki hiyohiyo Sista alifiwa na mama mkwe, akaenda Mbulu siku tatu. Maagizo ya kusugua mara mbili kwa siku aliyaacha kwa muuguzi mgeni aitwaye Doreen, ambaye ndiye mimi ninayeandika haya. Sikufungua bandeji hata mara moja.

Aliporudi alinisema mpaka wodi nzima ikatulia. Kisha akafungua bandeji, akainama kutazama. Ukingo wote wa kidonda ulikuwa na ngozi mpya, ya waridi, nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Akaweka plastiki, akarudia mara tatu. Ukingo ulikuwa umesogea ndani kwa upana wa punje ya mtama.

Alikwenda kwa daktari na kusema mbele yetu sote kwamba aliyekuwa akimnyima Ngoyai mguu ni yeye, kwa kusugua kila asubuhi kile kilichoota usiku. Akaomba wiki tatu za maji ya chumvi na mkono mwepesi. Akapewa.

Kisha akarudi vitabuni, na alichokisoma hakijamtoka hadi leo. Ukingoni mwa kidonda seli moja inakua, inanakili maelekezo yote ya mwili, halafu inajigawa kuwa mbili, kila moja na nakala yake kamili. Mbili zinakuwa nne. Zinatambaa kutoka kila upande kuelekea katikati, gizani chini ya bandeji, bila msimamizi. Zikigusana, zinaacha. Hapo ndipo Sista hushusha sauti kila anapofundisha, na kuuliza ni nani aliyeziambia ziache. Nimelisikia swali hilo mamia ya mara na bado linanisisimua.

Ngoyai alipoelezwa haya aliuliza jambo moja: seli ikishagawanyika, mama ni yupi kati ya hizo mbili? Sista alifikiri hadi akamaliza kufunga bandeji, ndipo akamjibu kwamba mama hayupo, na hajafa.

Mguu haukukatwa. Wiki ya kumi na tisa plastiki ya Ngoyai ilitoka bila mstari.

Tangu hapo Sista amefundisha wauguzi arobaini na mmoja, waliotawanyika hadi Soitsambu na Loliondo, na wote amewasimulia kwamba Doreen ndiye aliyemfundisha subira. Sista, niruhusu niseme ukweli uliochelewa miaka ishirini na moja. Sikuwa na subira wala elimu. Siku ya kwanza nilikuwa mnadani nikichagua mitumba, na siku mbili zilizofuata niliogopa kufungua nikakuta nimemwua mtu.

Tunakushukuru kwa mikono yako, na zaidi kwa siku ile uliyokubali kwamba mikono hiyo ilikosea. Nenda salama nyumbani Endabash, mvua zije kwa wakati, wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Tunakutakia maisha mema na marefu.

Ngoyai ametuma ujumbe kwamba atakuja kwenye hafla, na ameomba asiwekewe kiti. Atakapoingia, tafadhali tusimame naye.