Dereva Aliyeendesha Basi kwa Miguu

Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na sita na miezi tisa ya kuendesha basi la Shule ya Msingi Nuru ya Kilima, hapa Gihosha, kilimani juu ya mji, Mzee Zénon Nduwingoma anakabidhi ufunguo na kustaafu. Mimi ni katibu wa shule. Nimeombwa niandike habari zake kwa sababu, wanasema, nina kompyuta na nina maneno mengi. Yote mawili ni kweli.

Aliingia Septemba 1998, kijana wa Ngagara mwenye leseni na kitabu cha nyimbo za kanisani. Kwenye majaribio alitakiwa kuendesha mpaka Kajaga, kando ya ziwa, na kurudi. Alipofika ufukweni alizima injini ili aangalie ziwa. Sista aliyekuwa akimpima alitaka kumkemea, naye akajikuta analiangalia ziwa pia, robo saa nzima. Kazi akapata.

Katika miaka yote hiyo hajamwacha mtoto hata mmoja njiani. Kosa lake ni moja tu: sala ndefu. Ukialikwa kwake Kartiye ya Tano, huko Ngagara, mkewe Mama Lisette akishapakua, Mzee hushukuru kwa chumvi, kwa mkaa, kwa aliyechota maji, mpaka maharage yanapoa. Sukari ilipoadimika mjini, alitutangazia kwamba sasa ndipo amejua majani ya chai yana ladha gani. Sisi tulikuwa tumenuna na vikombe vyetu.

Kisha mafuta ya magari, esanse, yakakosekana mji mzima. Oktoba mwaka jana alipanga foleni siku nne, akarudi mikono mitupu. Si kwamba hakuumia. Nilimkuta ameshika usukani wa basi lililozimika, Biblia imefungwa magotini. Aliponiona akasema, "Esanse hakuna, Mama Gaël. Lakini miguu niko nayo." Sikumwelewa.

Wiki hiyohiyo kamati ya shule iliamua kwamba basi lisilotembea halihitaji dereva. Barua ya kumwachisha kazi niliiandika mimi. Ilikuwa imebaki miezi minane tu afikie pensheni yake, na kwa dereva wa umri ule, nyakati hizi, hakuna pengine pa kubisha hodi. Nikaiweka mezani kwa Sista Léoncie, mkuu wa shule, aitie sahihi Jumatatu.

Jumatatu asubuhi ukungu ulikuwa umetanda mpaka mtaa wa Kigobe, chini yetu. Nikiwa dirishani nilisikia wimbo kabla sijaona mtu. Kisha wakatokea: mbele kofia ya dereva, nyuma yake watoto kumi na tisa, wawili wawili, kila mmoja kwenye nafasi ya kiti chake. Alikuwa ametoka nao Ngagara kwa miguu, kituo kwa kituo, kwa mpangilio uleule wa basi, ila saa moja mapema, kama alivyokuwa amewaarifu wazazi. Kwa Nella, anayechelewa kila siku, alikuwa amesubiri dakika mbili kama kawaida. Kwenye kona alinyoosha mkono kuonyesha anakokata. Nyuma yao mji haukuonekana, ziwa halikuonekana, ni sauti tu za watoto zikipanda kilima ndani ya weupe ule. Nilidhani naota.

Sista Léoncie aliwapokea getini, akawahesabu, akarudi ofisini. Barua alinirudishia bila sahihi, akaniambia niichane. Basi la miguu lilitembea mpaka Machi, mafuta yalipopatikana tena. Watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kumudu basi wakajiunga nalo, wakafika sitini, na halikujaa. Viatu vya Mzee viliisha soli mara mbili. Kila asubuhi getini alimshukuru Mungu kwa miguu, tena kwa ufupi, maana kengele ilikuwa inalia.

Lakini mimi barua ile nilikuwa bado naibeba moyoni. Wiki iliyopita nilimwendea akiosha basi, nikamwambia kwamba ni mimi niliyeiandika. Hakuacha kufuta kioo.

"Nilijua," alisema. "Siku ile ya kamati nilipita hapo kwa dirisha, nikakuona unaandika, machozi inatoka. Basi kila asubuhi mu njia nilikuwa ninasema: Mungu, huyu mama asibebe kitu muzito namna hii peke yake."

Miezi mitano yote, tangu Ngagara mpaka Gihosha, mtu ambaye tulitaka kumnyima kazi yake alikuwa akiniombea mimi.

Asante, Mzee Zénon. Mungu akupe wewe na Mama Lisette siku nyingi zenye afya, na meza isiyopungukiwa. Lala mpaka jua lichomoze. Kuanzia Jumatatu, saa ya basi, ni zamu yetu kukuombea.